Mgeni Aliyekwisha Shika Jembe

Methali yetu ya mgeni yajulikana na kila mtu: siku mbili ni mgeni, ya tatu mpe jembe. Aghalabu huitaja wale wanaotaka kumkumbusha jamaa aliyezidisha kukaa. Kila nikiifikiri, naona imekatwa kabla ya wakati. Haisemi mgeni aliyelima miaka arobaini anakuwa nani, wala lazima aache nini ili aitwe mwenyeji.

Ulaya swali hili hubishaniwa kwa hijabu na minara ya misikiti. Sina haja ya kwenda mbali hivyo, tunalo nyumbani.

Mwaka 1972 Warundi kwa maelfu walivuka mpaka wakikimbia mauaji, na Tanzania ikawapa mapori ya Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo. Hayakuwa makambi ya kungojea unga wa msaada siku zote. Familia zilipewa mashamba, zikafyeka msitu, na baada ya miaka michache zikawa zinajilisha na kuuza mazao. Ilipofika mwaka 2007 waliulizwa: kurudi Burundi, au kuomba uraia? Takriban wanne katika kila watano walichagua kubaki, na watu wapatao 162,000 wakakubaliwa. Ni nchi chache zilizopata kufungua mlango kwa wakimbizi wengi kiasi hicho, nami nalisema hili kwa fahari.

Lakini palikuwa na sharti. Makazi yale yafungwe, na raia wapya watawanywe katika mikoa mingine, wachanganyike na wenzao, isije ikazuka Burundi ndogo ndani ya Tanzania. Kwa miaka kadhaa watu walikwisha kubaliwa kuwa raia lakini cheti hawakukiona, wakingoja kuhama.

Nakiri kwamba niliposikia sharti hilo niliona ni la busara. Nililelewa katika fikra kwamba ukabila ni sumu, na kwamba umoja wetu haukuota wenyewe kama uyoga. Ulijengwa kwa shule za bweni, kwa Jeshi la Kujenga Taifa, kwa kuwahamisha watumishi toka pembe moja ya nchi hadi nyingine. Kama mwalimu wa Kihaya aliweza kupelekwa Lindi, nikasema, kwa nini Mrundi wa Katumba asiweze? Tofauti sikuiona mpaka baadaye, nayo ni kubwa. Mwalimu yule alipofika Lindi, Bukoba ilibaki pale pale. Aliweza kurudi kuzika, kuoa, kula Krismasi na mama yake. Raia mpya wa Katumba aliambiwa aondoke penye makaburi ya wazazi wake, kisha mahali penyewe pafutwe. Alitakiwa awe Mtanzania kwa kuacha sehemu pekee ya Tanzania aliyopata kuiita kwao.

Sitaki kuwadhulumu waliokuwa na hofu. Chama cha Palipehutu, kilichopigania Wahutu wa Burundi, kilianzishwa Mishamo mwaka 1980; siasa ya nchi ya nyuma ilikuwa hai katika makazi yale. Ila tujiulize nani aliwatenga. Makazi yalikuwa mbali na watu wengine, na kutoka nje kulihitaji kibali. Mtafiti Liisa Malkki, aliyekaa na wakimbizi hao katikati ya miaka ya 1980, aliwakuta wa Mishamo wakiushika Uhutu wao kama dini, ilhali wenzao waliojichanganya mjini Kigoma walikuwa na majina na sura nyingi, wala hawakujali sana kuulizwa asili. Tuliwafungia watu ndani, halafu tukawalaumu kwa kutochanganyika.

Hatimaye sharti la kuhama liliachwa, na mwaka 2014 vyeti vikaanza kugawiwa.

Kenya mambo yalikwenda kinyume. Wamakonde walianza kufika huko miaka ya 1930 kutoka Msumbiji, wakafanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Pwani. Wajukuu wao walizaliwa Kwale bila kitambulisho, na asiye na kitambulisho Kenya hata kazi ya halali huipata kwa shida. Oktoba 2016 waliandamana kwenda Nairobi kumwona Rais. Mwaka uliofuata wakapewa vitambulisho, wakatangazwa kuwa kabila la 43 la nchi hiyo. Hakuna aliyewaambia watawanyike au waache ngoma zao.

Nilifurahi, kisha nikasita. Wamakonde walikuwa kundi, wakaweza kuandamana. Je, yule aliyekuja peke yake, akaoa, akazaa, na hana kabila la kuhesabiwa? Yeye aandamane na nani? Nikilazimishwa kuchagua, bado nachagua njia ya kwetu, kwa kuwa haimwulizi mtu ana ukoo mkubwa kiasi gani nyuma yake. Ninachokataa ni lile sharti, na ile hofu iliyolizaa, kwani nadhani haijaisha. Husikika kila watu wakiongea Kirundi kwenye basi na abiria wengine wakageuza shingo.

Mama wa Katumba akimbembeleza mwanawe kwa Kirundi, afanya lile lile afanyalo mama wa Kibondo kwa Kiha, na lugha hizo mbili husikilizana bila mkalimani. Sijapata kusikia mama wa Kibondo akiambiwa ahamie Lindi.