Mgeni wa Siku Mbili

Wahenga wa pwani waliacha methali mbili juu ya mgeni. Ya kwanza humkaribisha: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ya pili humwekea mpaka: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Aghalabu hutajwa mbalimbali, kana kwamba hazijuani. Lakini zikisomwa pamoja huzua swali zito. Je, mgeni ambaye daima huondoka kabla ya siku ya tatu anadaiwa nini na wenyeji wake?

Treasure Beach, kijiji cha wavuvi kilichopo kusini mwa kisiwa cha Jamaica, katika jimbo la St. Elizabeth, ni mahali panapostahili swali hilo. Jina hilo moja hukusanya ghuba kadhaa zinazofuatana: Billy's Bay, Frenchman's Bay, Calabash Bay na Great Pedro Bay. Hapana hapo mahoteli makubwa kama yale ya Montego Bay na Negril. Pana nyumba ndogo za wageni, udongo mwekundu, mbuzi wanaojichungia wenyewe, na mashua za rangi kali zilizovutwa mchangani. Msafiri hufika, huvua viatu, huketi chini ya mkungu, kisha husema: watu wa hapa hawana haraka.

Amesifu, lakini amekosea. Saa anayoamka yeye, mvuvi huwa amekwisha kwenda baharini na kurudi. Wengine hawarudi siku ile wala ya pili, kwani huvuka hadi Fungu la Pedro, mwendo wa kilomita zipatazo themanini katika bahari kuu, wakalala kwenye visiwa vidogo visivyo na mto wala kisima, wakitega madema ya waya. Nchi kavu nayo haina huruma: mvua ni haba, na mkulima hufunika shamba lake la vitunguu na matikiti kwa nyasi kavu ili unyevu usipotee. Anayeonekana barazani adhuhuri akicheza dhumna amepumzika kwa sababu amechoka. Utulivu wa kijiji ni kama wepesi wa shairi lililopimwa vyema: msikilizaji huufurahia, asijue mizani ziligharimu nini.

Pengine atatokea wa kujibu kwamba mgeni naye huleta uponyaji. Ni kweli. Mvuvi anayewapeleka watalii kutazama pomboo hupata fedha ambazo dema halikumpa wiki nzima, na chumba kinachokodishwa hulipa ada ya shule. Hakuna haki ya kumtaka mwenyeji abaki fukara ili mandhari yapendeze. Lakini dawa inayomwondoa mgonjwa kitandani na kumlaza mwingine haijamponya mtu. Hilo ndilo la kuogopwa, na sheria inaonyesha kwa nini.

Mwaka 1956, Jamaica ikiwa bado chini ya Uingereza, ilitungwa Sheria ya Udhibiti wa Fukwe. Sheria hiyo iliikabidhi Dola ya Kifalme haki zote za ufuo unaofunikwa na kufunuliwa na maji, na haikumpa mwananchi haki ya jumla ya kuingia na kuoga. Uhuru ulikuja mwaka 1962; sheria ikabaki. Ndiyo maana katika pwani ya kaskazini mzaliwa wa kisiwa huweza kuisikia bahari nyuma ya ukuta asiifikie. Hata hivyo sheria hiyo iliwabakishia wavuvi haki walizokuwa nazo kabla yake katika fukwe walizofanyia kazi. Kwa hiyo mashua iliyolala mchangani si pambo la picha. Ni ushahidi kwamba mahali hapo pana wenyewe. Siku itakapoondolewa ili kumpisha mwenye kiti cha kuotea jua, kitakachopotea ni zaidi ya nafasi ya mashua moja.

Siku ya tatu, hata hivyo, huja yenyewe. Mwezi Julai mwaka 2024 Kimbunga Beryl kilipita karibu na pwani hiyo, kikang'oa mapaa na kuvunja mashua. Tarehe 28 Oktoba 2025 Kimbunga Melissa, kikali kuliko kile, kikaipiga tena St. Elizabeth. Nyakati hizo wageni wa siku mbili huwa kwao, na jembe hubaki mikononi mwa wenyeji.

Basi mgeni apewe jembe gani? Si lazima alime. Amlipe mvuvi bei ya haki. Asizibe njia ya kwendea bahari. Asinunue kiwanja ambacho mashua huvutiwa. Kijiji chenyewe kimekwisha onyesha kwamba jambo hili linawezekana. Tangu mwaka 2001 tamasha la fasihi la Calabash, lililoasisiwa na Colin Channer, Kwame Dawes na Justine Henzell, limekuwa likifanyika hapo hapo kando ya bahari, bila kiingilio. Mwaka 2008 alisoma Derek Walcott, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1992. Hapo mwenyeji na mgeni huketi pamoja, na hakuna aliyeondolewa ili mwingine apate kusikia.

Mgeni wa namna hiyo, hata akikaa siku mbili tu, amekwisha ifikia ya tatu.