Nyumba Isiyomtosha Mwenyewe

Ukifuata barabara inayotoka Omurushaka kuelekea Murongo, au njia za vumbi jekundu zinazoingia Kibingo na vijiji vingine vya Kyerwa, hukai sana bila kuona nyumba ndogo ya matofali katikati ya migomba, yenye bati na msalaba juu ya mlango. Wakatoliki huiita kigango, Walutheri huiita mtaa. Kengele yake mara nyingi ni rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini, na chuma cha kugongea kimechomekwa palepale kwenye tundu. Padri huja kwa zamu. Jumapili nyingine katekista ndiye anayeongoza ibada ya Neno. Mpita njia akiingia humo Jumanne mchana hakuti mtu, anakuta benchi na meza iliyotandikwa kitambaa. Ninalouliza ni hili: ameingia mahali gani hasa? Wengi wetu tungesema ameingia kanisa ambalo halijakua bado. Nadhani jibu hilo si sahihi, na kosa lake liko kwenye kipimo.

Suleimani mwenyewe, akiliweka wakfu hekalu la Yerusalemu, anakiri katika sala yake kwamba hata mbingu hazimtoshi Mungu, sembuse nyumba aliyojenga yeye. Tuifuate hoja hiyo hadi mwisho. Kwa asiye na mpaka, jengo la watu elfu mbili na chumba cha watu thelathini vimepungukiwa sawasawa. Basi ukubwa wa jengo hauwezi kutuambia lolote kuhusu Mungu. Unatuambia habari za waliojenga. Kanisa kuu la Bukoba, alimolazwa Kardinali Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza wa zama hizi kupewa cheo hicho, mwaka 1960, linasema mengi juu ya fahari ya Wahaya kwa mwana wao, na fahari hiyo ni halali. Juu ya Mungu halisemi zaidi ya kigango. Watu wa ukanda huu walilijua jambo hili kabla ya misheni: vibanda walivyowajengea miungu wao, kina Wamara na Mugasha, vilikuwa vidogo mno, na sidhani yupo aliyeamini kwamba Mugasha, bwana wa ziwa na dhoruba, anaenea humo. Kibanda kilikuwa cha yule anayeleta sadaka.

Nyumba ya kando ya njia nayo ni ya anayesimama. Mkulima anayepeleka kahawa yake chama cha msingi hakumwacha Mungu nyumbani ili aje kumkuta barabarani. Anachopewa na nyumba ile ni sababu ya kukatiza mwendo na hesabu zake. Na udogo unaifanya kazi hii vizuri kuliko ukubwa, kwa sababu kanisa kubwa hukusaidia mno: dari la juu, kwaya, vioo vya rangi, vyote hukupa hisia kabla hujafikiri lolote. Chumba kitupu chenye mlango uliofungwa kwa kipande cha waya, ambao yeyote aweza kuuzongoa, hakikusaidii chochote. Kitakachotokea humo lazima mgeni awe amekuja nacho.

Wapo watakaosema kusimama hakuhitaji nyumba, na Karagwe wanaifahamu hoja hiyo. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ulienea hadi kwa Walutheri wa Bukoba na Karagwe, na walokole waliona wazi kwamba mtu anaweza kubatizwa, akakaa benchi la mbele miaka yote, akabaki vilevile. Kwao hekalu ni moyo. Walisema kweli, lakini tazama walivyofanya: walikutana siku inayojulikana, mahali panapojulikana, wakaungama mbele ya wenzao. Walioutukuza moyo kuliko jengo hawakuthubutu kuuacha moyo peke yake.

Pingamizi zito liko ng'ambo ya Mto Kagera. Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, maelfu ya Watutsi walikimbilia parokia ya Nyarubuye, mashariki ya Rwanda, si mbali na mpaka wetu, wakiamini hakuna atakayeua kanisani. Waliuawa humohumo, na baadhi ya wauaji walikuwa majirani zao. Ikiwa kazi ya mahali patakatifu ni kumsimamisha mtu, pale palimsimamisha nani? Nyarubuye inaliua kabisa dai moja, kwamba mahali pana nguvu yake penyewe. Dai langu ni dogo zaidi: mahali huomba, na ombi linaweza kukataliwa. Tena lile lilikuwa kanisa kubwa la matofali, na ukubwa wake haukumwongezea muuaji aibu. Atakayesema kwamba ombi lisilo na ulinzi halifai kitu anataka kuta zifanye kazi ya serikali na majeshi, na ni serikali na majeshi yaliyowaacha watu wale, mengine yakishiriki. Waliokimbilia pale hawakukosea kuhusu mahali. Waliombea uhai wao kwa wanadamu waliolisikia ombi wakalikataa.

Imebaki lawama ya kwamba ninausifu umaskini wa watu wengine. Hakuna kijiji kilichochagua benchi chache na sakafu ya vumbi kwa ajili ya falsafa. Kamati zinakusanya michango, harambee zinaitishwa, na waumini wanataka vigae na nafasi. Wana haki, maana miili inahitaji nafasi hata kama Mungu haihitaji, na anayenyeshewa nje ya dirisha wakati wa ibada hajali hoja ya Suleimani. Ila upanuzi una gharama isiyoandikwa. Jengo jipya huja na kinanda na spika, spika huja na kufuli, na kufuli huja na mtu mmoja mwenye ufunguo ambaye Jumanne mchana yuko shambani. Hasara hiyo haiingii katika hesabu za kamati ya ujenzi, kwa kuwa anayeipata si muumini wa pale na hana wa kumsemea kikaoni.