Ubora wa Mahali: Intakula na Swali la Sehemu na Jumla

Swali la kale la iwapo kitu kinaweza kuwa bora kwa chenyewe, au huwa bora kwa kadiri tu kinavyoitumikia jumla ambayo kimo ndani yake, limejadiliwa zaidi katika vitabu vya elimu ya dini na vya maadili, lakini hujitokeza kwa uwazi wa pekee chini ya boneti ya gari la turbo lililotoka kiwandani. Humo kuna kifaa ambacho mafundi na wapenzi wa magari wamebishana kwa miaka mingi kuhusu mahali pake, na mabishano hayo, ijapokuwa hufanywa kwa lugha ya mabomba na joto, kwa kweli yanahusu maana ya neno "bora".

Turbo ni gurudumu dogo la mapanga linalozungushwa na moshi wa ekzosi, na ambalo, kwa mhimili mmoja, huzungusha gurudumu la pili linaloibana hewa kabla haijaingia kwenye injini. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza ya wazo la aina hiyo mwaka 1905. Hewa inayobanwa hupata joto, na hakuna ustadi unaoweza kuikwepa kanuni hiyo: hewa ya nyuzi 30 za Selsiasi ikibanwa hadi kanieneo yake iwe mara 2 hutoka ikiwa imevuka nyuzi 100, kwa sababu hakuna kibanio kisichopoteza nguvu. Hewa ya moto hubeba oksijeni pungufu katika ujazo uleule, na katika injini ya petroli huleta kugonga, yaani mchanganyiko wa hewa na mafuta kujilipua wenyewe kabla ya wakati wake na kuumiza pistoni. Intakula ndiyo dawa ya hali hiyo. Ni kipozeo cha alumini chenye njia bapa na mapezi membamba, kinachokaa kati ya turbo na injini, ambacho kikiishusha hewa kutoka nyuzi 120 hadi 60 pasipo kupoteza kanieneo huifanya iwe nzito zaidi kwa karibu asilimia 18.

Kama intakula ingekuwa peke yake ulimwenguni, mahali pake pangejulikana bila mjadala: mbele kabisa, nyuma ya bampa, inapokutana na upepo ambao haujaguswa na kitu chochote. Hapo ndipo Nissan walipoiweka katika Skyline GT-R ya mwaka 1989, na Mitsubishi katika Lancer Evolution. Lakini intakula haiko peke yake. Ikikaa mbele huizibia rejeta upepo na kuipelekea hewa iliyokwisha kupata joto. Mabomba yake huwa marefu, hivyo turbo hulazimika kujaza nafasi kubwa zaidi kabla dereva hajaisikia nguvu. Na gari likigonga kidogo tu, kifaa cha bei kubwa ndicho kinachotangulia kuumia.

Subaru walichagua njia nyingine, na uchaguzi wao unastahili kuangaliwa kwa utulivu kuliko unavyoangaliwa kwa kawaida. Injini yao ya boksa, ambayo pistoni zake zimelala kushoto na kulia badala ya kusimama, ni fupi kwa kimo na huacha nafasi tambarare juu yake, na katika Impreza WRX za miaka mingi turbo ilikaa nyuma, upande mmoja wa injini, hatua chache tu kutoka kwenye nafasi hiyo. Intakula ililazwa pale, boneti ikatobolewa mdomo wa kuingizia upepo, na safari ya hewa ikawa fupi mno. Gharama ya ufupi huo ni kwamba kifaa cha kupoza kimelazwa juu ya chanzo cha joto, na gari likisimama kwa muda mrefu, joto la injini hupanda na kuipasha intakula ambayo haipati upepo wowote. Baadhi ya Toyota Hilux za dizeli za D-4D zimejengwa kwa hoja hiyohiyo, na mdomo ulio juu ya boneti zao unajulikana katika kila mji wa Afrika Mashariki.

Fundi anayesema kwamba kuweka intakula juu ya injini ni kosa anasema kweli kuhusu sehemu na kusema visivyo kuhusu jumla. Mjadala juu ya kosa la aina hii una historia ndefu katika fikra za kidini. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alidai katika kitabu chake cha Ihya kwamba katika yote yanayowezekana hakuna kilicho kizuri zaidi ya kile kilichopo, kwa sababu kama kingekuwapo na Mwenyezi Mungu akakizuia, kuzuia huko kungepingana na ukarimu wake, au kungeashiria kutoweza. Wanazuoni walibishana juu ya kauli hiyo kwa karne kadhaa, baadhi yao wakihofia kwamba inaufunga uweza wa Mungu. Mwanafalsafa Leibniz, aliyechapisha kitabu cha Theodicy mwaka 1710, aliifikia hoja iliyo karibu nayo kwa njia yake mwenyewe: upungufu unaoonekana katika sehemu unaweza kuwa ndio bei ya ukamilifu wa jumla, na anayeihukumu sehemu bila kuijua jumla anahukumu gizani.

Hoja hiyo inamfaa mhandisi kwa kiasi fulani, na ni kiasi hicho ndicho kinachohitaji kupimwa, kwa kuwa kuna tofauti ambayo haiwezi kuzibwa. Jumla ambayo Ghazali na Leibniz waliizungumzia haina kitu kilicho nje yake: kila kiumbe kimo, na kila haja imejulikana. Jumla ya mhandisi daima ina mpaka, na mpaka huo umechorwa na mtu. Anayepanga mahali pa intakula huhesabu uzito, bei, nafasi na muda wa kuunganisha gari kiwandani, huhesabu pia tabia ya mnunuzi anayetarajiwa na hali ya hewa ya nchi yake, kisha hutafuta mahali panapoziridhisha hesabu hizo zote kwa pamoja. Anaweza kufaulu kikamilifu ndani ya mpaka wake na bado akawa amemdhulumu aliyeachwa nje, bila kukusudia na bila hata kujua kwamba yupo.

Aliyeachwa nje ana makazi yanayojulikana. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa magari yaliyotumika yenye umri unaozidi miaka 8, na kwa hiyo Subaru Forester au Impreza nyingi zilizopangwa kwa ajili ya barabara za Japani huanza maisha yao ya pili Nairobi na Mombasa zikiwa karibu na umri huo, katika foleni ambazo upepo haupiti kwenye mdomo wa boneti kwa muda mrefu, mapezi ya intakula yakiwa yamekwisha kuzibwa na vumbi. Udhaifu ambao kwa mnunuzi wa kwanza ulikuwa bei ndogo, kwa mnunuzi wa tatu umekuwa sehemu ya maisha ya kila siku. Haitoshi kumjibu mtu huyu kwamba jumla ilikuwa bora, kwa sababu yeye hakuwamo katika jumla iliyohesabiwa. Hili ndilo jambo ambalo hoja ya Ghazali, ikihamishwa kutoka kwa Muumba hadi kwa kiwanda, haiwezi kulibeba, na yeyote anayeihamisha bila tahadhari anakipa kiwanda sifa isiyo yake.

Kuna hali nyingine ambayo si ya dhuluma bali ya ukweli, na inaligusa lile ambalo vitabu vya dini huliita ria, yaani tendo jema linalofanywa ili lionekane. Mini Cooper S ya kizazi kilichotangulia mwaka 2006 ilikuwa na kibanio kinachoendeshwa na mkanda wa injini, na intakula yake ilikaa juu ya injini, ikilishwa upepo na mdomo wa boneti. Kizazi kilichofuata kilipata turbo na intakula ikahamia mbele, lakini mdomo ukabaki kwenye boneti ukiwa umezibwa. Mtu anaweza kuutetea kwa jina la uzuri, na uzuri ni haja halali, ila umbo lililozaliwa na kazi limegeuzwa kuwa dai la kazi isiyofanyika. Subaru walifanya kinyume chake katika Forester XT ya mwaka 2014: intakula ilibaki juu ya injini, mdomo ukaondolewa, na upepo ukaletwa kwa njia iliyopita chini ya boneti kutoka kwenye grili. Katika la kwanza kuna ishara isiyo na kitu, katika la pili kuna kitu kisicho na ishara, na kwa uaminifu la pili linastahili heshima zaidi.

Wengine hudhani kwamba mvutano huu umekwisha kwa intakula za maji, ambazo Toyota walizitumia katika baadhi ya Celica GT-Four na Volkswagen wakazijenga ndani ya bomba la kuingizia hewa la baadhi ya injini zao za TSI za lita 1.4. Njia hizo ni nzuri, kwani hewa husafiri kidogo mno na maji hubeba joto kwa wingi. Lakini joto bado linapaswa kutoka mahali fulani, kwa hiyo huhitajika rejeta ndogo mbele ya gari, pampu yake na mabomba yake, na upepo uleule hugawanywa upya kati ya wadai walewale.

Mwenye gari anayeamua kuhamisha intakula yake hadi mbele anachukua nafasi ya mhandisi, pamoja na deni lake. Anapokata chuma kilicho nyuma ya bampa ili kupata nafasi, anabadilisha jinsi gari litakavyopokea mgongano ambao huenda ukamkuta abiria. Anaporefusha mabomba, kompyuta ya injini inaendelea kuhesabu hewa kwa vipimo vya njia fupi hadi irekebishwe. Na atakayelinunua gari hilo baada yake, pengine bila kuambiwa lolote, ameshaingizwa katika hesabu iliyofanywa katika karakana jioni moja. Haki ya kuhamisha anayo. Asichokuwa nacho ni haki ya kusema kwamba ameweka kifaa mahali pake pa kweli, kabla hajasema ni akina nani aliowahesabu.