Hodi kwenye Mahame

Anayetaka kuyazuru magofu ya Pemba kwa siku moja aweza kuanzia Gombani, nje kidogo ya mji wa Chake Chake, pale penye uwanja mkubwa wa michezo. Kutoka hapo Pujini iko upande wa kusini-mashariki, mwendo wa kilomita kama 10 tu. Ras Mkumbuu iko magharibi, kwenye ncha ya rasi nyembamba iliyojinyoosha baharini. Mtambwe Mkuu na Chwaka ziko kaskazini. Kisiwa chenyewe hakizidi kilomita 70 kwa urefu. Akipata gari ya kukodi na dereva aijuaye njia, mgeni huyu hulazimiki kumngoja mtu: husimama apendapo, huondoka apendapo, na jioni huwa amesharudi na picha zake. Safari ni yake, siku ni yake, na fedha alizolipa ni zake. Linalobaki ni swali moja ambalo dereva hawezi kumjibu: huko alikoingia, aliingia kwa idhini ya nani?

Swali hili huonekana dogo kwa sababu magofu hayana mlango. Ukuta umeanguka, paa halipo, mbuyu umeota palipokuwa ukumbi. Lakini lugha yenyewe haikubaliani na wepesi huo. Kiswahili kina neno gofu, lenye maana ya jengo lililobakia mifupa yake tu. Na kina neno hame, au mahame kwa wingi, ambalo limetokana na kitendo cha kuhama. Gofu hutazamwa kwa jicho: ni kitu kilichobaki. Hame hutaja watu: ni pahala palipoachwa na wenyewe. Aliye katika gofu anaweza kudhani yuko peke yake. Aliye katika hame anajua kwamba wapo waliotoka, na kwamba waliotoka hawakutoweka wote. Walihamia mji mwengine, wakaoa na kuolewa, wakazaa. Na vitukuu vyao huenda ndio wanaolima muhogo hatua chache kutoka kwenye kuta hizo. Mgeni wa siku moja kwa kawaida hupelekwa kwenye gofu. Ni mara chache hufikishwa kwenye hame.

Katika mwambao huu, adabu ya kuingia nyumba ya mtu haina mjadala. Mtu hupiga hodi, na hodi ni tatu. Akikaribishwa huingia, asipoitikiwa hurudi, wala hanung'uniki. Adabu hii ina mizizi katika Sura ya An-Nur, aya ya 27 na ya 28, zinazowaamuru waumini wasiingie nyumba zisizo zao mpaka waombe ruhusa na kuwatolea salamu wenyewe, na wakiambiwa warudi, basi warudi. Ila aya inayofuatia, ya 29, inalegeza: hapana lawama kuingia nyumba zisizokaliwa ambazo ndani yake mna manufaa kwa mwenye kuingia. Wafasiri wa kale walitia humo nyumba za kupumzikia wasafiri, na baadhi yao wakataja magofu pia. Kwa hivyo mgeni wetu ana hoja. Gofu halikaliwi na mtu. Manufaa yamo, nayo ni elimu na burudani. Basi hodi ya nini?

Hoja hiyo ingetosha kama magofu ya Pemba yangekuwa nyumba tu. Lakini kilichosimama vizuri zaidi Ras Mkumbuu, ambako wengine hupaita Ndagoni, ni msikiti na makaburi ya nguzo. Hapa pana historia ndefu. Al-Masudi, aliyesafiri katika bahari hii mnamo mwaka 916, alikitaja kisiwa cha Qanbalu chenye wakaazi Waislamu, na wapo wanahistoria wanaopahusisha pahala hapo na Ras Mkumbuu. Wachimbuzi wa mambo ya kale walipofukua chini ya msikiti huo waliukuta mwengine ulio mkongwe zaidi. Sasa, kwa mujibu wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yenye wafuasi wengi kisiwani, msikiti ulioporomoka haugeuki kuwa mali ya mtu. Wakfu wake hubaki. Mihrabu iliyopasuka ni mihrabu bado. Na kaburi, kwa dini yoyote na kwa mila yoyote, si nyumba isiyokaliwa. Aliyemo hawezi kuitikia hodi. Na kwa adabu ya hodi, asiyeitikia hajaruhusu.

Si suala la nadharia tupu. Katika mwambao mzima makaburi ya nguzo yalipambwa kwa bakuli za kauri kutoka Uchina na nchi nyengine, zikapachikwa katika chokaa ilipokuwa bado mbichi. Leo katika mengi ya makaburi hayo kilichobakia ni tundu la duara, na pembeni mwake alama za patasi. Aliyeing'oa bakuli yumkini hakujiona mwizi. Alijiona amekuta kitu kizuri pasipokuwa na mtu. Alifanya hesabu ile ile ya nyumba isiyokaliwa: mna manufaa, hamna mwenyewe. Baina yake na mgeni anayepanda juu ya kaburi ili apigwe picha pana tofauti ya kiasi, si ya aina.

Basi je, watu wakatazwe kwenda? Yafaa kutazama kwanza jinsi wengine wanavyowapokea wageni wa siku moja. Huko Ugiriki, juu ya majabali ya Meteora, watawa wa Kikristo walijenga nyumba zao za ibada tangu karne ya 14. Zamani mtu hakufika ila kwa kutiwa ndani ya wavu na kuvutwa kwa kamba mpaka juu. Siku hizi zipo ngazi zilizochongwa jabalini, na nyumba sita zingali zinakaliwa. Mgeni huambiwa mavazi yapi yamkubalie kuingia, saa zipi mlango u wazi, na chumba kipi si cha kutazamwa. Karibu zaidi na sisi, katika Tigray, Ethiopia, iko Debre Damo, iliyo juu ya mlima wenye kuta wima, na ambayo mapokeo huinasibisha na mtawa Aregawi wa karne ya 6. Mwanamume hupanda kwa kamba inayoteremshwa kutoka juu, urefu wa mita kama 15. Mwanamke haruhusiwi kabisa. Mtu aweza kuipinga sharti hiyo ya mwisho, na wengi huipinga. Lakini jambo moja halina shaka: pale mwenyeji yupo, na kamba imo mkononi mwake. Kamba ndiyo hodi. Asiyeteremshiwa hapandi.

Ras Mkumbuu haina jabali wala kamba. Mgeni hufika kwa gari au kwa mashua, akaingia. Ndipo tatizo la kimaadili linapojitokeza kwa uwazi wake: pale ambapo mwenyeji hawezi kuweka sharti, ni nani wa kuliweka? Jibu haliwezi kuwa mlinzi peke yake, wala ubao wa Serikali peke yake. Sharti lazima liwekwe na anayeingia, juu ya nafsi yake mwenyewe. Na hilo ni gumu zaidi kwa aliyekodi safari ya peke yake, kwa sababu kitu hasa alichokinunua ni kutozuiwa na mtu.

Pahala pamoja tu kisiwani huikataa biashara hiyo waziwazi. Mtambwe Mkuu, jirani na Wete, ni kisiwa maji yakijaa na ni bara maji yakitoka. Anayetaka kwenda kwa miguu hana budi kuuliza saa za maji kupwa, na wa kumuuliza ni mvuvi au mama anayeokota chaza, si kitabu cha watalii. Bahari haimjui mwenye kukodi gari. Huko, mwaka 1984, iligunduliwa hazina ya sarafu zaidi ya 2,000 za fedha, pamoja na dinari chache za dhahabu zilizotoka nchi za mbali. Zile za fedha ni ndogo mno, na zina majina ya watawala wa huku huku. Jambo la kuwafurahisha wapenzi wa ushairi ni kwamba maandishi yake yana vina: uso mmoja hutaja jina la mtawala, na uso wa pili humtaja Mola kwa maneno yenye mlio ule ule. Watu waliotembea na kina mifukoni mwao, sokoni na majahazini, karne tisa zilizopita! Mgeni aliyelazimika kungoja maji kwa saa mbili ana nafasi ya kuambiwa habari hii. Mgeni anayeharakia kituo kinachofuata hana.

Pujini inatoa somo jengine. Ni ngome iliyozungukwa na boma, ya karne ya 15, na jina lake halitengani na la Mkama Ndume. Mapokeo yamemfanya mtawala huyu kuwa mkatili: inasemekana aliwatumikisha watu kubeba mawe huku wakienda kwa kuchutama, na kisimani alijenga ukuta ili wake zake wawili wasionane. Chini ya ardhi pana chumba chenye umbo la siwa lililofinyangwa kwa chokaa ukutani. Wanaakiolojia hawakuyakubali yote ya mapokeo, wala haiwapasi. Kazi yao ni nyengine. Lakini mgeni anayesimama mbele ya boma lile na kusema kwamba ni zuri, anasema ukweli nusu. Wanakijiji hawakuhifadhi sifa za uzuri wa ukuta. Walichohifadhi, kizazi baada ya kizazi, ni uchungu wa magoti ya waliobeba. Ikiwa kisa hicho ni cha kweli au kimetiwa chumvi, bado ni hukumu: watu wamekataa kumwachia mtawala sifa ya jengo bila ya kutaja gharama yake na nani aliyeilipa. Anayetazama mawe bila ya kuisikia hukumu hiyo amemwunga mkono Mkama Ndume pasi na kujua.

Wapo watakaopinga, na hoja yao ina uzito. Watasema adabu zote hizi ni anasa. Kwamba bila ya wageni hakuna anayeyajali magofu. Kwamba mawe ya mahame yamechukuliwa na wenyeji wenyewe kwenda kujengea, na mengine yakachomwa chokaa. Kwamba ngome ya Chake Chake ilibomolewa sehemu kubwa ili kupisha hospitali, na hakuna mgeni aliyehusika na ugomvi huo. Watakumbusha methali: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kijana wa Ndagoni anayemvusha mgeni kwa mashua hulisha watoto kwa safari hiyo. Yote haya ni kweli. Lakini methali hiyo haisemi mgeni ndiye mwenyeji. Inasema mgeni aje, na kupona kuwe kwa mwenyeji. Siku ambayo faida yote imebaki kwa mwenye gari mjini, na kijiji kimebakiwa na vumbi na tundu kwenye kaburi, methali itakuwa imegeuzwa kichwa chini. Na kuhusu mawe ya hospitali: aliyebomoa ngome kumponya mgonjwa anaweza kulaumiwa kwa kutojua thamani, lakini alikuwa na haja. Mgeni wa siku moja hana haja hiyo. Asiye na haja hudaiwa adabu zaidi, si pungufu.

Fasihi ya Kiswahili imekwishaonyesha njia ya kusimama mbele ya gofu. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, aliitazama Pate iliyoanguka, na nyumba za mabwana wakubwa zikiwa zimekaliwa na wanyama na wadudu. Hakuitazama ili aione Pate. Aliusemesha moyo wake mwenyewe. Gofu kwake lilikuwa ibra: si kitu cha kuhukumiwa na mtazamaji, bali kinachomhukumu. Aliingia mahame akitoka na deni, hakutoka na kumbukumbu ya kubandika ukutani. Pemba yenyewe ilikuwa na Kamange na Sarahani, ambao mashairi yao yalihifadhika kwa miongo mingi vifuani mwa watu na katika miswada ya majumbani kabla ya kukusanywa katika kitabu kilichotoka mwaka 2011. Kuta zikiporomoka, maneno yalikuwa yakirithishwa. Aliyekuja Pemba akaona kuta tu, ameona kile ambacho kisiwa kilishindwa kukitunza, akakikosa kile kilichotunzwa.

Hodi ya mahame, basi, inapigwa wapi, ikiwa waliomo hawaitikii? Inapigwa kwenye nyumba ya kwanza iliyo karibu. Mgeni ashuke garini kabla ya kufika kwenye magofu, atoe salamu, aulize ni nani mzee wa pahala hapo na ni wapi haifai kukanyaga. Huenda akaambiwa kwamba kuna watu huja kutia ubani penye ukuta fulani. Wako wanazuoni wanaolikataza jambo hilo, lakini ugomvi huo ni wa wenyewe, si wake. Amchukue mmoja wao afuatane naye, kwa malipo ya haki, na amsikilize hata pale kisa kinapopingana na kitabu alichokisoma. Asitoke na kitu, hata kigae. Safari yake itakuwa fupi kwa pahala pamoja au pawili, kwani siku moja haitoshi kwa yote manne. Na hilo si hasara.

Na pengine, baada ya salamu na maulizo yote, ataambiwa kwamba leo haifai: maji yamejaa, au pana maziko kijijini, au mzee hayupo. Gari imeshalipiwa na ndege ni kesho asubuhi. Hapo ndipo itakapojulikana kama hodi yake ilikuwa hodi kweli. Aliyeambiwa arudi, na arudi.