Azikwe Kwanza, Mali Baadaye

Tukiulizwa mila ni nini, sisi wa Kalemie tunajibu haraka: ngoma, mahari, heshima kwa wazee. Lakini mzee aliye mikononi mwa wengine, je, tuna deni gani kwake?

Tunasema juu ya Lusinga, sultani wa Watabwa, kusini mwa mji wetu. Desemba 1884 watu wa luteni Storms, Mbeleji aliyeanzisha boma la Mpala mwaka 1883, walivamia kijiji chake, wakamuua na kumkata kichwa. Fuvu lake likapelekwa Ubeleji pamoja na sanamu yake ya mti. Katika miaka ya 1930 mjane wa Storms akavitoa kwa makumbusho ya Tervuren. Sanamu ikabaki pale. Fuvu likahamishiwa baadaye kwenye taasisi moja ya sayansi mjini Brussels.

Wenzetu wengine wanasema: eti Lusinga mwenyewe alikuwa anauza watu, ya nini kumlilia? Ni kweli, aliuza watumwa. Hatumfanyi mtakatifu. Lakini kwetu kaburi si mshahara wa tabia njema. Hata mwizi akikufa, majirani wanachimba. Ubaya wake unasemwa kwenye matanga, halafu anafunikwa. Tukikubali kwamba mtu mbaya hana haki ya kuzikwa, basi tumempa Storms ruhusa.

Sanamu ni habari ingine. Fundi aliichonga ili itazamwe. Ilikuwa alama ya mababu na ya haki ya kutawala. Inaweza kukaa katika makumbusho, iwe Lubumbashi, iwe Kinshasa ambako makumbusho mapya ya taifa yalifunguliwa mwaka 2019, mradi jina la Lusinga liandikwe pale, pamoja na namna sanamu ilivyochukuliwa. Na watoto wa Moba je, watafikaje kuiona? Hilo nalo tulijibu sisi, si Wabeleji.

Mwaka 2022 sanamu ya Storms mwenyewe iliondolewa kwenye uwanja mmoja wa Brussels. Mwaka huohuo Ubeleji ilipitisha sheria ya kurudisha vitu vya wakati wa ukoloni. Kumbe sheria hiyo iliacha nje mabaki ya watu! Yaani kitu kinaweza kutangulia, mtu angoje.

Wazee wetu walitufundisha kinyume: maiti ingali ndani, hakuna anayegusa mali. Kwanza marehemu azikwe. Ndipo ukoo ukae, uulizane nani atashika nini.