Mzigo Huhamia Wapi?

Nguvu ni sifa njema, lakini si kila aongezaye nguvu huongeza usalama. Katika kata ya Ngokolo, mjini Shinyanga, jambo hili huweza kuonekana mlangoni pa fundi yeyote wa kuchomelea. Mwenye baiskeli ya kuchukulia magunia huja na keria iliyopinda, akataka itiwe nguvu. Fundi huichomelea nondo mbili, na keria haipindi tena. Mwenye baiskeli, kwa furaha yake, hupakia gunia la pili. Siku si nyingi hurejea: keria ni nzima kama ilivyotoka, lakini spoku za gurudumu la nyuma zimekatika. Nondo hazikuuondoa uzito, ziliuhamisha. Hapo huzaliwa swali la fundi na la mwenye hekima pia: mtu akiimarisha mahali pamoja, ana wajibu gani juu ya mahali pengine ambapo mzigo utakwenda kutua?

Baiskeli ikivunjika katika njia ya Ibadakuli, mwenyewe hushuka akaisukuma. Ndege iliyoruka kutoka uwanja wa huko huko Ibadakuli haina mahali pa kushukia njiani. Kwa sababu hii swali hili huwakabili waundaji wa ndege kwa ukali kuliko mafundi wengine. Wao hawawezi kuongeza chuma kila mahali kwa hofu, maana kila ratili ya chuma lazima ibebwe na mabawa yale yale, na ndege iliyoimarishwa kupita kiasi haiondoki chini. Kanuni za ndege za abiria huwaamuru wakadirie mzigo mkubwa kabisa unaotazamiwa katika maisha ya ndege, kisha kila kiungo kistahimili mara moja na nusu ya mzigo huo kwa sekunde 3 bila ya kuvunjika. Nusu ile ya ziada ni kukiri kwamba makadirio ya mwanadamu yana mwisho.

Hata hivyo, ziko hatari ambazo nusu ile haikuzikinga. Tarehe 2 Mei 1952 ndege aina ya Comet, yenye alama G-ALYP, iliondoka London kwenda Johannesburg, ikitua Entebbe katika safari yake. Ilikuwa safari ya kwanza duniani ya abiria kwa ratiba katika ndege ya jeti. Tarehe 10 Januari 1954 ndege ile ile ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba, na watu 35 wakafa. Tarehe 8 Aprili mwaka huo huo Comet nyingine ilianguka baharini karibu na Naples, ikaua watu 21.

Wachunguzi wa Farnborough, Uingereza, walikitia kiwiliwili cha Comet nyingine ndani ya birika kubwa la maji. Wakakijaza maji kwa kani na kuilegeza kani hiyo, tena na tena, kwa mfano wa ndege ipandayo na kushuka. Baada ya mizunguko ipatayo 3,000, pamoja na safari zake za kweli, bati lilipasuka kutoka pembe ya dirisha. Waundaji hawakuwa wazembe. Walikwisha kujaribu kipande cha kiwiliwili kwa kani iliyokaribia maradufu ya ile ya kawaida, nacho kikastahimili. Kisha wakakijaribu kipande kile kile kwa maelfu ya mizunguko, kikastahimili pia. Hawakujua kwamba jaribio la kwanza lilikuwa limekifanya kipande hicho kiwe na ustahimilivu ambao ndege zenyewe hazikuwa nao. Kubeba mzigo mkubwa mara moja si sawa na kubeba mzigo wa kadiri mara elfu. Bandu bandu huisha gogo, na madini nayo huchoka. Comet 4, iliyoanza kazi mwaka 1958, ilikuwa na bati nene zaidi, na Shirika la Ndege la Afrika ya Mashariki lilianza kuitumia mwaka 1960.

Kisa cha pili kinashabihi zaidi nondo za Ngokolo. Tarehe 14 Mei 1977 ndege ya mizigo aina ya Boeing 707, iliyokuwa imepitia Nairobi, ilikuwa ikikaribia kutua Lusaka. Bawa la mkiani la upande wa kulia likakatika, ndege ikaanguka, na watu wote 6 waliokuwamo wakafa. Mkia wa aina hiyo ya 707 ulikuwa umefanywa mrefu kuliko ule wa aina iliyotangulia. Uliporushwa kwa majaribio ulionekana haukakamai vya kutosha, ndipo sehemu ya bati la aluminiamu la juu ilipobadilishwa kwa chuma kisichoshika kutu. Mkia ukakakamaa kama ilivyotakiwa. Lakini chuma kigumu huvuta mzigo kwake, na mzigo ule ukaangukia ribiti na boriti iliyokuwa chini yake. Mkia wa aina ya zamani ulikuwa umejaribiwa uchovu wake. Huu uliotiwa nguvu haukujaribiwa. Ufa ukaanza katika boriti, ukakua kwa maelfu ya safari, na ukaguzi wa wakati ule haukuuona. Boriti ilikuwa imeundwa ili sehemu moja ikivunjika nyingine zishike. Iliyovunjika ilipovunjika, nyingine hazikushika muda wa kutosha.

Mtu aweza kuuliza kwa haki: je, fundi ni mjuzi wa ghaibu? Aliyetia chuma katika mkia alitaka kuponya kasoro ya kweli, na mwenye baiskeli wa Ngokolo hakupakia gunia la pili kwa ulafi, bali kwa ada ya shule na unga wa nyumbani. Fundi akikataa kazi, jirani yake ataipokea. Hoja hii ni nzito, lakini haiuondoi wajibu, inaupa mipaka. Hapana adaiwaye kujua yote. Adaiwalo fundi ni mambo matatu: kuuliza mzigo utakwenda wapi, kupatazama mahali hapo mara kwa mara, na kumwambia mwenye chombo aliloliona. Baada ya Lusaka, kanuni za Marekani zilibadilishwa mwaka 1978. Haikutosha tena kusema kwamba kiungo kimoja kikivunjika kingine kitashika. Ililazimu kuonyesha ufa huanzia wapi, hukua kwa mwendo gani, na utafutwe lini kabla haujaua. Mithali ya usipoziba ufa utajenga ukuta ikawa, kwa namna yake, sheria.

Na watu hufanyiana kama wafanyavyo kwa vyombo. Katika ukoo hutokea mmoja mwenye mshahara, akaitwa nguzo ya nyumba. Kila asifiwapo kwa nguvu zake huongezewa kitu: mtoto wa kusomeshwa, mgonjwa wa kutibiwa, deni la kulipiwa. Naye hapindi, kwa sababu sifa zimemkakamaza. Wamtazamao huona bega lisilotikisika; hawaoni mke anayeuza vitenge vyake kimya kimya, wala mtoto wake mwenyewe aliyeacha kuomba daftari. Ukoo haukukosea kumtegemea. Ulikosea kudhani kwamba asiyelalamika hana ufa, na kwamba mzigo uliotulia juu yake ulikomea kwake.

Basi fundi wa Ngokolo, akisha kuzima moto wake, anayo kazi nyingine ndogo ambayo haina malipo. Na ainame, azishike spoku moja moja, azisikilize iliyolegea, kisha amwambie mwenye baiskeli: keria hii sasa itabeba magunia mawili, lakini gurudumu hili litabeba moja. Mwenye baiskeli aweza kukasirika, tena aweza kwenda kwa fundi mwingine. Lakini atakwenda akijua. Na ajuaye mahali mzigo wake ulipo amekwisha kupewa sehemu ya nguvu ambayo nondo haziwezi kumpa.