Waligawana umeme, taka hazikuwa na mwenyewe

Chupa ya maji iliyonywewa Kadutu, huko juu Bukavu, mashariki mwa Kongo, haihitaji mtu wa kuipeleka ziwani. Itupwe mtaroni asubuhi tu, mvua ya alasiri itaishughulikia. Bukavu ni mji wa miteremko na mitaro yake inatazama chini, Ziwa Kivu. Huko chupa itaelea siku kadhaa ikiongozana na ndala iliyokatika kanda, kopo la mafuta ya kujipaka na mifuko isiyohesabika. Upepo unasukuma, maji yanavuta.

Tatizo ni kwamba Kivu, pamoja na urefu wake wa kilomita 90 hivi, lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni mto Ruzizi, hapo hapo Bukavu. (Zamani za kale maji yake yalikwenda kaskazini, hadi volkano za Virunga zilipoziba njia yakageukia kusini.) Kilichotupwa Goma, Gisenyi, Idjwi au Kalehe, mradi kinaelea, siku moja kinaweza kubisha hodi hapo. Na mlangoni hapo pamejengwa bwawa la umeme.

Bwawa hilo, Ruzizi I, lilijengwa na Wabelgiji mwishoni mwa miaka ya 1950. Lina megawati karibu 30, kiasi kidogo kwa mji uliofurika watu kama Bukavu, na bado umeme wake umekuwa ukivuka mpaka. Mwaka 1976 Kongo (wakati huo Zaire), Rwanda na Burundi ziliunda jumuiya ya nchi za Maziwa Makuu, CEPGL. Kutokana na ujirani huo zikapata shirika la pamoja la umeme, SINELAC, na mwaka 1989 likawasha Ruzizi II, chini zaidi kwenye mto ule ule. Sasa inasubiriwa Ruzizi III yenye megawati 206, ambazo nchi tatu zitagawana mafungu sawa. Kwenye karatasi sijui mfano mzuri zaidi wa ujirani katika nishati safi: mto mmoja unaoshuka karibu mita 700 kabla ya kuingia Ziwa Tanganyika, na nyumba tatu zinachota nguvu humo bila kuchoma tone la dizeli.

Ila sikiliza kinachotokea mlangoni. Mbele ya mitambo kuna vyuma vilivyopangwa kama kimia, vya kuzuia vitu vikubwa. Taka zikivijaza maji hayapiti vizuri, na mashine inazunguka kichovu. Ndipo wafanyakazi huanza kuchota. Wapo walio juu, wanavuta marundo ya plastiki yaliyofunika maji hadi ukadhani unaweza kutembea juu yake, na wapo wazamiaji, kwa sababu si taka zote zinazoelea. Nyingine zimekwama mita kama 14 chini, gizani, na lazima mtu azifuate kwa mikono. Miaka michache iliyopita plastiki ilisababisha mashine moja yenye megawati zaidi ya 6 kusimama. Kwenye kituo cha megawati 30 hiyo ni sehemu moja ya tano, imekwenda na mifuko. Kituo cha pili nacho hakisalimiki: kinaishi kwa maji yanayoachiwa na cha kwanza, kwa hiyo mfereji ukizibwa Bukavu, watu wa Burundi na Rwanda wanabana mkanda pia.

Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008. Kongo nayo ilitoa amri yake mwishoni mwa 2017, lakini amri na soko la Kadutu hazijawahi kukutana ana kwa ana. Hata zingekutana, ziwa halisomi gazeti la serikali, na jirani aliyefagia uani kwake bado atapata chupa za jirani asiyefagia.

Mimi naona kosa lilianza mapema kuliko chupa. Waliokaa mezani kugawana umeme walihesabu megawati, mkopo na nani atamlipa nani. Hawakuhesabu mtaro. Umeme una mita, una bili, una waziri. Taka hazina hata mkokoteni wa kuzifikia nyumba zilizoning'inia kwenye vichochoro ambavyo gari haliwezi kupanda. Ni rahisi kumkaripia mama anayemwaga ndoo yake mtaroni mvua ikianza. Mimi siwezi, kwa sababu sijui angeimwaga wapi. Bonde lenyewe lilikuja kupewa mamlaka yake, ABAKIR, ya kulinda ziwa na mto. Ikaja baada ya mitambo, si kabla yake, na tangu hapo pande hizo zimepita vita ambavyo havimwachii mtu nafasi ya kufikiria chupa. Mwezi Februari 2025 Bukavu yenyewe ilitwaliwa na waasi wa M23.

Basi jioni umeme unakatika. Ukuta hadi ukuta unasikia swali lile lile.

"Jirani, kwako upo?"

"Haupo, dada. Tangu jana."

Hapo watu wanarudi kwenye makaa, maana maharage hayasubiri mashine itengenezwe. Gunia la makaa limetoka mlimani, na sehemu ya makaa ya Bukavu hutoka kwenye miti ya Kahuzi-Biega, msitu wa sokwe ulio katika urithi wa dunia tangu 1980. Mlima uliokatwa miti hauwezi kushika udongo. Mvua ikija udongo unashuka nao, kwenye mitaro ile ile, na kuikuta mifuko imeshaziba njia. Maji yanapanda juu ya mtaro, yanaingia nyumbani kwa mtu, kisha yanazoa kila kitu kuelekea ziwani.

Mama wa Kadutu analijua jiko lake. Makaa mabichi hayashiki moto upesi, na karatasi ni ghali. Anainama karibu na mtaro, anaokota mfuko mmoja wa plastiki, anaukung'uta maji, anausokota kwa vidole viwili. Kiberiti. Moshi mweusi, harufu kali, halafu makaa ya chini yanaanza kuwa mekundu.

Huo mmoja hautafika bwawani.